Mganga hajigangi: msafara wa mafuta ulioponzwa na uhaba wa mafuta

Hebu mfikirie dereva wa lori la mafuta. Amebeba lita elfu thelathini na tano za dizeli kutoka Dar es Salaam, na kabla hajafika Morogoro tangi la lori lenyewe limekauka. Mzigo umefungwa lakiri, haugusiki. Amesimama kando ya barabara, shehena nzima ya dizeli iko mgongoni mwake, naye anawapungia mkono wapita njia wamsaidie lita kumi.

Kisa cha msafara wa meli uliojulikana kwa jina la TM 1, katika Bahari ya Atlantiki mwezi Januari 1943, kinafanana na hicho. Tofauti ni kwamba waliokaribia kukaukiwa hawakuwa wabeba mafuta bali walinzi wao, na wapita njia wa huko walikuja na makombora.

Meli tisa za mafuta ziling'oa nanga Trinidad, kisiwa cha Karibi, Desemba 28, 1942. Zilizotia nanga Gibraltar Januari 14 zilikuwa mbili. Ukipima hasara ya misafara ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa kuangalia sehemu iliyopotea, TM 1 iko miongoni mwa mibaya kabisa: saba kati ya tisa.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kwa sentensi moja. Makao makuu yalimshauri kamanda apite huku, yeye akapita kule, akaingia mdomoni mwa adui. Si uongo. Lakini ni sawa na kuambiwa marehemu amekufa kwa kukata pumzi. Hata aliyegongwa na gari alikata pumzi. Kinachofaa kuulizwa ni kwa nini mtu mzima, ofisa mzoefu, aone njia ile ni bora kuliko aliyoshauriwa. Jibu lake limo ndani ya matangi ya manowari zake, yaani meli za kivita zilizolinda msafara, na tutafika huko baada ya kuona meli hizo zilikuwa zikienda wapi na kwa haraka ya nini.

Mafuta ya vita vya mbali

Novemba 8, 1942, majeshi ya Marekani na Uingereza yalishuka Morocco na Algeria. Jeshi la namna hiyo hunywa mafuta kuliko linavyokula chakula: vifaru, malori, ndege, na manowari zinazozunguka pwani. Uingereza yenyewe ilikuwa pabaya. Katikati ya Desemba, Waziri Mkuu Winston Churchill aliletewa hesabu kwamba mafuta ya meli yaliyobaki kwa matumizi ya kiraia ni tani 300,000 hivi, na kila mwezi zinaondoka tani 130,000. Jeshi la majini lilikuwa na akiba yake pembeni, takriban tani milioni moja, ila akiba ya dharura haifunguliwi kwa sababu tu ghala la kawaida limepungua.

Mafuta ya karibu na rahisi yalikuwa ya Karibi. Njia ya zamani ilizunguka: mzigo upande kwanza hadi pwani ya Marekani, ujiunge na misafara mikubwa ya kaskazini, uvuke hadi Uingereza, kisha ushushwe kusini. TM ni herufi za Trinidad na Mediterania. Wazo lilikuwa kukata kona na kuvuka bahari moja kwa moja, zaidi ya maili 3,000 za baharini, hadi Gibraltar, kwenye mlango wa Mediterania.

Meli tano zilikuwa za Uingereza: British Vigilance, British Dominion, Empire Lytton, Oltenia II na Cliona. Nne ziliendeshwa na mabaharia wa Norway, watu ambao nchi yao ilikuwa chini ya Wajerumani tangu 1940: Albert L. Ellsworth, Minister Wedel, Norvik na Vanja. Ukiniuliza, hawa ndio ambao hadithi za vita huwasahau upesi. Hawakuwa wanajeshi. Walikuwa wapishi, mafundi wa injini, wapaka rangi, vijana wa miaka kumi na saba, wakilala juu ya benzini.

Walinzi wanne

Msafara ulilindwa na manowari nne tu. Kubwa yao ilikuwa Havelock, manowari ya mwendo kasi ambayo awali iliagizwa na Brazil kabla ya vita kuanza, ikachukuliwa na Uingereza ingali ikijengwa. Humo ndimo alimokuwa kamanda wa kundi zima, Richard Boyle. Nyingine tatu zilikuwa korveti, manowari ndogo zilizopewa majina ya maua: Godetia, Pimpernel na Saxifrage. Mabaharia wa Godetia walikuwa Wabelgiji waliokimbia nchi yao.

Korveti zilijengwa haraka kwa michoro iliyotokana na meli za kuvulia nyangumi. Zilistahimili bahari, ila ziliyumba mno. Wenyewe walitania kwamba zingeyumba hata juu ya nyasi zenye umande. Tatizo kubwa lilikuwa mbio. Korveti ikijikaza ilifikia maili 16 za baharini kwa saa. Nyambizi ya Kijerumani ya aina iliyoenea, ikiwa juu ya maji kwa injini zake za dizeli, ilizidi maili 17. Mwizi ana mbio kuliko askari, na askari anajua.

Watu wengi hudhani nyambizi za wakati ule zilishambulia zikiwa chini ya maji. Mchana, ndiyo. Usiku ziliibuka. Zilikuwa fupi, nyeusi, hazionekani kirahisi kati ya mawimbi, na juu ya maji zilikwenda kasi mara dufu ya kule chini. Kibaya zaidi, chombo cha kusaka nyambizi kwa mwangwi wa sauti kinasaka kilichozama, na nyambizi iliyo juu kinaikosa. Hapo tegemeo lilikuwa rada. Katika safari hii rada za baadhi ya manowari ziligoma, na fundi wa rada wa dukani hayupo katikati ya Atlantiki.

Hesabu ya ulinzi nayo haikubali utani. Meli tisa zikipangwa kwa safu zinameza eneo la maili kadhaa. Manowari nne zikisimama pembe nne, kati ya moja na nyingine kuna giza la kupita nyambizi kwa raha. Moja ikitoka kumfukuza adui, pembe yake inabaki wazi. Ya pili ikisimama kuokota watu, zimebaki mbili.

Kunyonyesha manowari baharini

Sasa twende kwenye kiini. Korveti za aina ile ziliweza kwenda takriban maili 3,500 za baharini kwa tangi moja, kwa mwendo wa pole wa maili 12 kwa saa. Ukiilinganisha na urefu wa safari unaona pengo ni jembamba kama uzi. Na manowari ya ulinzi haiendi mwendo wa pole kwa mstari ulionyooka. Inarandaranda mbele ya msafara kushoto na kulia, inakimbilia kila mwangwi unaotiliwa shaka, inarudi kwa kasi kushika nafasi yake. Injini ikizidishiwa mwendo kidogo, ulaji wa mafuta unaruka mara kadhaa. Kwa hiyo TM 1 isingefika bila walinzi kujaziwa njiani, kutoka kwenye zile zile meli walizokuwa wakizilinda.

Kujaza mafuta baharini leo ni jambo la kila siku kwa majeshi ya majini. Mwaka 1943 kwa Waingereza ilikuwa bado kazi ya kubahatisha. Meli ya mafuta ilipunguza mwendo na kuachia mpira mrefu kutoka tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, ukielea nyuma yake. Manowari ilijongea kwa nyuma taratibu, baharia akiwa omo, yaani mbele kabisa, na ndoano ndefu anaviziavizia kuiopoa kamba yake kama mtu anayevua pweza. Wakiupata wanauvuta hadi sitahani, wanaufunga kwenye mdomo wa tangi, halafu zinaanza saa nyingi za vyombo viwili kufuatana kwa mwendo ule ule. Wimbi moja likiinua tezi ya mmoja wakati omo ya mwenzake inazama, mpira unakatika, mafuta mazito yanamwagika kila mahali na kazi inaanza upya. Na muda wote huo mlinzi amefungwa. Hawezi kugeuka, hawezi kukimbia, hawezi kusikiliza chini ya maji ipasavyo.

Ukanda ule wa Atlantiki hupigwa na pepo za biashara zinazovuma kutoka kaskazini-mashariki, yaani zilikuwa zikiwakabili usoni. Bahari ilichafuka, mpira hautulii.

Jioni ya Januari 3, nyambizi U-514 iliukuta msafara. Ilirusha topido, yale makombora yanayosafiri chini ya uso wa maji, na British Vigilance ikalipuka. Watu 27 kati ya 54 walikufa. Nyambizi ikapoteza mawasiliano na msafara, lakini ilikuwa imeshapeleka habari kwa mkuu wa nyambizi za Ujerumani, Karl Dönitz, na yeye hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Meli za mafuta, zinatoka upande wa Trinidad, zinaelekea kaskazini-mashariki: haziendi kwingine ila Gibraltar. Aliagiza kundi la nyambizi lililoitwa Delphin, jina la yule mnyama sisi tunayemwita pomboo, litawanywe kukatiza njia, kila moja mbali na mwenzake, kama wavuvi wanavyotandika jarife usiku na kusubiri kinachokuja.

London, wakuu wa jeshi la majini walijua vya kutosha kuhisi hatari, wakamtaka Boyle apinde kusini. Boyle akatazama vipimo vya matangi, akatazama bahari. Kaskazini hali ya hewa ilitarajiwa kuwa tulivu zaidi, na kwenye utulivu angeweza kunyonyesha manowari zake. Kusini angekwepa nyambizi ambazo huenda zipo. Lakini huenda angejikuta na walinzi wasio na mafuta ya kukimbiza lolote, au wasiofika kabisa. Alichagua kaskazini.

Mimi simlaumu kirahisi. Aliyekaa ofisini aliona nyambizi kwenye ramani. Aliyekuwa baharini aliona sindano ya tangi. Wote wawili walikuwa sahihi, na ndiyo maana nasema mganga hajigangi: bahari ile ilikuwa na mafuta ya kutosha kuwasha jeshi zima, yamejaa kwenye matumbo ya meli zilizokuwa mita mia chache kutoka kwa manowari zenye kiu, na kilichokosekana ni nusu siku ya maji yaliyotulia.

Nani alikuwa akimsoma nani

Kuna swali ambalo wasomaji wa habari za vita hivi hawakosi kuuliza: si Waingereza walikuwa wakisoma siri za Wajerumani? Mashine ya Enigma, ile waliyoitumia Wajerumani kuficha ujumbe wao, je?

Walikuwa wakizisoma, wakaacha, wakaanza tena. Februari 1942 nyambizi za Atlantiki zilipewa Enigma mpya yenye magurudumu manne badala ya matatu, na wataalamu wa Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kuvunja siri, wakabaki gizani kwa zaidi ya miezi kumi. Kilichowafungua macho ni vitabu vya siri kutoka U-559, nyambizi iliyozingirwa mashariki mwa Mediterania Oktoba 30, 1942. Wanamaji wawili wa manowari Petard, Anthony Fasson na Colin Grazier, waliingia ndani ya nyambizi inayozama, wakapitisha vitabu juu, na wakazama nayo. Desemba 13 wasomaji wa siri wakaanza kuona tena, ila kwa kuchelewa: mara saa kadhaa, mara siku kadhaa. Habari ya juzi kuhusu chombo kinachokwenda maili mia kadhaa kwa siku ni sawa na kuonyeshwa nyayo.

Wajerumani nao hawakulala. Idara yao ya kusikiliza redio ilikuwa ikisoma sehemu kubwa ya mawasiliano ambayo Waingereza na Wamarekani walitumia kupanga misafara. Kwa hiyo kila upande ulijiona mjanja kwa kumchungulia mwenzake, huku mwenyewe anachunguliwa.

Nitoke kidogo njiani. Wakati huo huo Mombasa nayo ilikuwa na nyumba ya mafumbo. Waingereza walipofukuzwa na Wajapani kutoka Singapore na kuona Colombo haina usalama, walileta wasomaji wao wa siri Mombasa wakawaweka katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Novemba 1942 walifaulu kuvunja msimbo wa meli za biashara za Japani, zikiwemo meli za mafuta. Wengi waliosoma shule ile miaka ya baadaye hawakuwahi kuambiwa.

Usiku wa Januari 8

Januari 8, U-381 ikauona msafara ukiingia moja kwa moja kwenye jarife, katikati ya bahari magharibi mwa Visiwa vya Kanari. Ikawaita wenzake.

Usiku ulipoingia U-436 ilipenya pengo na kuzipiga meli mbili kwa mpigo. Oltenia II ilizama ndani ya muda mfupi mno, watu 17 wakafa. Albert L. Ellsworth ilitoboka, ikaachwa na mabaharia wake ikiwa bado inaelea. Wote walinusurika. Pimpernel iliikimbiza U-436 na kuijeruhi kwa mabomu ya chini ya maji hadi ikajitoa vitani, lakini hiyo ilimaanisha Pimpernel haiko kwenye pembe yake, na alfajiri ya tarehe 9 wengine wakaingia. U-522 ikazipiga Minister Wedel na Norvik. U-442 ikaipiga Empire Lytton. Kabla ya jua kuchomoza vizuri, msafara wa meli nane ulikuwa umebaki na meli tatu: Cliona, Vanja na British Dominion.

British Dominion ilikuwa imebeba tani 9,000 za benzini ya ndege. Usiku wa tarehe 10 U-522 ilirudi. Hapo hapakuwa na kusubiri: meli iliwaka, na kati ya watu 53 walikufa 37.

Ndiyo, kilichobebwa kiliamua mengi. Watu wengi huona meli ya mafuta kama baruti inayosubiri kiberiti, lakini "mafuta" ni neno moja linalofunika vitu vingi. Mafuta mazito ya kuendeshea meli ni kama lami nyepesi; kuyawasha kuna kazi, na baharia aliyeanguka humo hatari yake ni kuyameza na kuvimba macho kabla ya kufikiria moto. Mafuta ghafi yako katikati. Benzini ya ndege ndiyo jini lenyewe. Na kuna jambo linaloshangaza: meli ya mafuta iliyo tupu inaweza kuwa hatari zaidi kuliko iliyojaa, kwa sababu tangi lililojaa halina nafasi ya hewa, ilhali tangi tupu limejaa mvuke unaosubiri cheche. Yeyote aliyewahi kumwona fundi akichomelea pipa la petroli "lililokwisha" na kilichomfika, anaelewa.

Meli ambayo haijui kuzama

Tumbo la meli ya mafuta limegawanywa matangi mengi kwa kuta za chuma, kwa urefu na kwa upana. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Topido likitoboa tangi, mafuta yanatoka, maji yanaingia mahali pake, na uzito unaongezeka kidogo tu, kwa sababu tangi halikuwa tupu. Matangi mengine yanaendelea kushikilia chombo. Injini iko tezi, mbali na mzigo. Meli ya mizigo ya kawaida ikitobolewa kwenye ngama yake pana inaweza kwenda chini kwa dakika chache. Ya mafuta huweza kukaa siku nzima imeinama, sitaha inaoshwa na mawimbi, haizami wala haiendi.

Mfano maarufu ni San Demetrio. Novemba 5, 1940, msafara wake ulishambuliwa na meli kubwa ya kivita ya Wajerumani, Admiral Scheer. Mabaharia waliikimbia San Demetrio ikiwaka, na tani zaidi ya 11,000 za benzini ya ndege ndani yake. Siku mbili baadaye mashua moja ya kuokolea yenye watu 16 iliikuta tena, bado inafuka moshi. Kukesha usiku mwingine mashuani kwenye baridi ile au kurudi ndani ya tanuri? Walirudi. Walizima moto, wakaamsha injini, wakaiendesha bila ramani wala dira, na Novemba 16 wakaifikisha Scotland na sehemu kubwa ya mzigo.

Nimekileta kisa hicho kwa sababu kinaonyesha ugumu wa neno "kupotea". Lini hasa meli imepotea? Ilipopigwa? Ilipoachwa? Au ilipokwenda chini? Katika TM 1, meli nyingi ziliachwa zikielea, kisha nyambizi zikarudi mchana kuzimalizia kwa topido au mizinga, bila haraka, kama mwenye shamba anayerudi kuchukua mkungu alioukata jana. Ndiyo maana ukifungua kumbukumbu unakuta meli moja ina tarehe mbili na nyambizi mbili: British Dominion imeandikwa kwa U-522 iliyoipiga na kwa U-620 iliyoizamisha.

Tani nazo huchanganya watu. Utasoma kwamba TM 1 ilipoteza tani 56,453. Hizo si tani za mafuta wala za uzito wowote. Ni kipimo cha ujazo wa ndani wa meli, ambapo tani moja ni futi za ujazo 100. Dönitz aliendesha vita vyake kwa kipimo hicho: kuzamisha tani nyingi kwa mwezi kuliko viwanda vya adui vinavyoweza kujenga. Meli ya tani 7,000 za ujazo inabeba tani 9,000 za mafuta bila tatizo.

Kuokota au kusaka

Msafara huu haukuwa na meli maalumu ya uokoaji. Kwa hiyo walinzi wale wale wanne waliokuwa wakisaka nyambizi ndio waliosimama gizani, injini zimezimwa, kuopoa watu waliofunikwa mafuta meusi wasioweza hata kushika kamba kwa utelezi. Manowari iliyosimama ni shabaha. Lakini isiposimama, nani atakwenda baharini kesho akijua akianguka ataachwa? Mabaharia wote wa Albert L. Ellsworth na Minister Wedel waliokolewa, na kila dakika iliyotumika kuwaokoa ilikuwa dakika ya pengo katika ulinzi.

Swali hilo liliwahi kufika kwenye maji yetu kwa namna mbaya zaidi. Februari 1944 msafara uliondoka Kilindini kwenda Colombo, na ndani ya meli ya abiria Khedive Ismail walikuwamo wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Februari 12 nyambizi ya Kijapani I-27 iliizamisha kwa dakika chache. Nyambizi ikajificha chini ya walionusurika. Manowari iliyokuwa karibu ni Petard, ile ile ya Fasson na Grazier. Ilirusha mabomu ya chini ya maji mahali palipokuwa na watu wanaoelea, kwa sababu mbele kulikuwa na meli nyingine zenye maelfu. Waliokufa siku hiyo ni karibu watu 1,300, na wengi wao nyumbani kwao ni Kenya, Uganda na Tanganyika.

Baada ya hapo

Kilichofuata Atlantiki nitakipita haraka. Kuanzia Machi 1943 mafuta ya Karibi yalianza kwenda Uingereza kwa misafara ya meli za mwendo kasi, na upungufu wa walinzi ukapungua baada ya mwezi Mei, nyambizi zilipoanza kuzama zenyewe kwa wingi. U-442, U-620 na U-522 hazikungoja hadi Mei: zote zilikuwa chini ya bahari kabla Februari haijaisha, ya mwisho ikizamishwa ilipokuwa ikishambulia msafara mwingine wa meli za mafuta.

Januari 14, Vanja na Cliona ziliingia Gibraltar. Siku hiyo hiyo, upande wa pili wa mlango bahari, mjini Casablanca, Churchill na Rais Franklin Roosevelt walianza mkutano wao wa siku kumi, na waliafikiana kwamba kuzishinda nyambizi ndilo jukumu la kwanza kabla ya mengine yote.

Huko nyuma, British Vigilance ilikuwa bado haijazama. Ilikuwa ikielea peke yake tangu jioni ya Januari 3, bila mtu, mbali na njia za meli, na mafuta yaliyobaki yakiwa tumboni mwake. Nyambizi nyingine, U-105, iliikuta na kuizamisha Januari 24, siku ile ambayo mkutano wa Casablanca ulifungwa.